Somo la Baba au la Mama?

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapasuka. Mimi nafundisha historia, mume wangu jiografia, shule moja, na mwaka huu mtaala wa taifa umeunganisha historia, jiografia na uraia kuwa somo moja, basi mwalimu mkuu akatukabidhi sisi tulipange, eti mke na mume hawatashindwa kuelewana, kumbe! Mimi nataka tuanze na historia, yeye ramani, tukabishana mpaka chakula kikapoa, mwisho tukagawana wiki, Jumatatu na Jumanne zake, zilizobaki zangu, uraia tukausahau kabisa, na juzi mwanafunzi akauliza mbele ya darasa zima, "Mwalimu, leo ni somo la baba au la mama?" Walicheka, nikatamani ardhi inimeze. Sasa mwalimu mkuu amesema tusipompa mpango mmoja Ijumaa, mmoja wetu anahamishwa, na tuna mtoto anayenyonya. Kuhama sitaki, na historia yangu siiachi ng'o! Nifanyeje?

Mama Historia

Mama Historia, pole, ingawa nimecheka. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na ninyi mmevuta mpaka ngozi imechanika, watoto wanatazama. Kugawana siku si kuunganisha somo, bibie. Wala hakuna aliyekuambia uiache historia, umeambiwa uitumie.

Funga kitabu chako, na chake pia. Anzeni na swali ambalo mtoto analiona kwa macho yake: kwa nini soko letu liko pale lilipo? Ili alijibu, itabidi achore barabara na mto, awaulize wachuuzi wa siku nyingi nani alitangulia kuuza pale, ajue ushuru hupangwa na nani na mchuuzi akionewa aende wapi. Uraia mliousahau huo hapo! Kisha fungueni mtaala, mwone kipi cha muhula huu kimeingia. Kisichoingia msikibandike kwa nguvu, kitafutieni swali lake.

Na usimwendee mumeo na mpango uliokwisha kuandika peke yako, nakujua. Leo mkitoka kazini, kaa naye, mwambie, "Mwenzangu, nifundishe ramani." Litakukwama kooni, litoe hivyo hivyo. Huwezi kupanga somo na mtu unayeona haya kujifunza kwake. Ukishindwa hilo, anza kufunga mizigo.