Ishara ya Kugusa Sikio

Mzee Kato,

Ni mimi, Mama Zawadi wa ghorofa ya sita. Uvumilie mwandiko, unajua shule yangu iliishia darasa la nane. Lakini Ijumaa iliyopita Zawadi amebanti, na sina mwingine wa kumwambia.

Najua umecheka.

Nimekumbuka zile Ijumaa asubuhi pale mapokezi, wewe na sare yako ya ulinzi, simu umeiegemeza kwenye daftari la wageni, tunatazama besiboli ya Marekani. Uliicheza kwenu Uganda ukiwa kijana, ukatuambukiza. Kila kijana mpya aliyeshika rungu la kupigia mpira mlimpima kama ng'ombe wa mnadani. Baba Zawadi anasema, "Huyu ana mkono." Nawe, "Mkono anao, subira je?" Halafu kijana anaambiwa abanti: auguse mpira tu uanguke karibu, yeye atolewe, mwenzake apate kufika nyumbani, besi ya mwisho, wapate pointi. Hapo mume wangu anakasirika mpaka chai inamwagika. "Huo ni uoga, mzee. Apige uende mpaka mji wa pili, Sharjah." Ukamwambia, "Wewe hata mswaki unaushika kama shoka."

Mimi nilikuwa upande wake. Zaidi ulipoanza kumfundisha Zawadi kwenye kile kiwanja cha mchanga nyuma ya jengo, besi zetu, vile vituo vya kukimbilia, magunia ya mchele. Miaka tisa, na akipiga, watoto wa kriketi wanaacha mchezo wao wamtazame. Kosa lake moja alilipata kwao, maana kwenye kriketi ndivyo wanavyofanya: akishapiga anakimbia na rungu mkononi. Kwa sheria ya kiwanja chetu, ukikimbia nalo umetolewa. "Liache, mwana. Mikono mitupu." Hata nikiwa jikoni nilikusikia.

Nikakuuliza, mtoto mwenye kipaji hivi unamfundisha kutolewa kwa ajili ya wengine? Ukaniita mama kwa lugha ya kwenu, "Nyabo, utaelewa." Nikanuna.

Uliposhindwa kurudi kutoka likizo, Hamisi, mlinzi mwenzako, ndiye aliyetuletea habari kwamba umefariki. Tukalia. Halafu akaniambia jambo. Wewe miaka yote ulikuwa wa zamu ya usiku, zamu ya baridi, ambayo kila mlinzi anaitaka. Kumbe uliomba mwenyewe kuhamia mchana, kwenye jua la Septemba pale getini. Ilikuwa wiki ile niliyolia mbele yako kwamba nitamrudisha Zawadi kwa bibi yake Nakuru, kwa sababu basi la shule linamshusha saa tisa na mimi kazini kwangu, kliniki ya mtaa wa Oud Metha, natoka saa kumi na moja.

Wewe ulisema tu, "Usimpeleke. Zamu zimebadilishwa, nitakuwepo."

Nikadhani ni kampuni. Nikakushukuru kama mtu aliyefunguliwa mlango, basi. Miaka miwili mtoto wangu amefanyia kazi za shule kwenye kiti chako, mzee. Miaka miwili nimelala naye chumba kimoja.

Tangu uondoke rungu lilikaa chini ya kitanda. Ijumaa akalitoa mwenyewe. Mechi ikafika mwisho, sare, ameshatolewa mmoja, na Rehema, binti wa jirani, yuko besi ya tatu. Baba Zawadi ananong'ona, "Muache apige." Zawadi akanitazama mimi. Nikagusa sikio, kama ulivyokuwa ukifanya ukimtaka abanti.

Mpira ukaanguka hatua mbili tu. Na rungu akaliacha, mzee. Akaliacha pale pale, akakimbia mikono mitupu. Walimtoa kabla hajafika, lakini Rehema alikuwa ameshaingia nyumbani. Akarudi mchanga mpaka kwenye nyusi, akauliza, "Mzee angefurahi?" Nikampangusa mchanga. Baba yake akasema, "Angenicheka mimi."

Asante, Mzee Kato. Asante kwa jua lote lile.

Lala salama huko Masaka. Kiti chako tunakifuta vumbi, na nikijaliwa kwenda likizo nitapitia kwenu, nimlete Zawadi asimame kaburini kwako. Na hili lingine nimeshalianza, sitaliacha: nimeomba zamu ya alfajiri kliniki. Saa tisa mimi ndiye ninayesimama getini, nampokea Zawadi pamoja na watoto wawili wa ghorofa ya tatu, ambao mama yao anachelewa kazini. Aliniuliza imekuwaje nina nafasi siku hizi.

Nimemwambia zamu zimebadilishwa.

Mama Zawadi