Kipande cha Barabara Nisichokikumbuka

Cheyo, Tabora
4 Machi 2024

Mwanangu Najiat,

Asalaam aleikum. Sisi tu wazima, mama yako anakusalimu sana. Habari za Ujiji na za zahanati? Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nikipiga simu mama yako husikia kila neno.

Alhamisi nilikuwa natoka Nzega nikiendesha ile Noah ya tajiri wangu Majidi, abiria saba. Nakumbuka tumefika Puge. Kisha nakumbuka niko katikati ya mahindi ya mtu, watu wanapiga kelele, mama mmoja kavunjika mkono. Hapo katikati sina kitu. Nimewaambia watu ni usingizi. Lakini nilikuwa nimejing'ata ulimi, na suruali imelowa. Wewe ni muuguzi, niambie ni uchovu gani huo.

Baba yako,
Abasi

Ujiji
13 Machi 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Namshukuru Mungu uko hai. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Huo si uchovu, baba. Dalili hizo ni za kifafa. Daktari ndiye atakayethibitisha, na dawa zipo. Hapa nina mgonjwa mwalimu, mwingine fundi cherehani, wanaishi vizuri. Si uchawi wala laana. Ila usiendeshe. Mrudishie Majidi ufunguo na umweleze kwa nini. Usipomwambia, nitampigia mimi. Nisamehe kukuwekea sharti.

Mwanao,
Najiat

Ujiji
2 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Nimesubiri. Mama anasema bado unaondoka na gari kila asubuhi. Leo nimempigia Majidi, nikamweleza yote uliyoniandikia. Nilikuwa nalia. Nimetaka ulijue hili kutoka kwangu.

Mwanao,
Najiat

Ujiji
20 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Ukiona namba yangu unampa mama simu. Hata Idi sikusikia sauti yako. Sikulazimishi unijibu. Nataka kujua kitu kimoja tu: umekwenda hospitali?

Mwanao,
Najiat

Cheyo, Tabora
9 Septemba 2024

Mwanangu Najiat,

Marahaba, kwa shikamoo zako zote nilizokaa nazo kimya. Natumaini hujambo.

Majidi alinifuata stendi, mbele ya madereva wenzangu. "Mzee Abasi, naomba ufunguo. Binti yako kanipigia." Siku ile niliapa sitakuandikia tena.

Mwezi wa saba, Jumatatu moja saa mbili asubuhi, nilianguka uani nikichota maji. Mama yako alinilaza ubavu, akaniwekea kanga chini ya kichwa. Fahamu ziliponirudia niliuliza saa. Saa ile, kwa ratiba yangu, ningekuwa naipita Isikizya, njia ya Nzega, na gari limejaa watu. Nililia mbele ya mama yako, kitu ambacho hajawahi kukiona.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Ni kifafa. Nameza dawa asubuhi na jioni. Daktari kasema nisiguse usukani mpaka aniruhusu mwenyewe, na huenda asiniruhusu kamwe.

Kuna jambo nilikuficha. Ile ya Puge haikuwa ya kwanza. Mara mbili kabla yake nilijikuta sakafuni chumbani, ulimi unauma, nikanyamaza.

Wiki iliyopita nilikwenda Puge kumwona yule mama aliyevunjika mkono. Anaitwa Levina, ni mkulima. Mkono umeunga, ila haunyooki vizuri. Nikamwambia, "Haukuwa usingizi. Nilijua sina afya, na niliendesha."

Akaniuliza, "Na leo umekuja na nini?"

"Gari la mtu. Nimekaa nyuma."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Alinivutia kiti, tukazungumza habari za mahindi.

Ulichofanya bado kinaniuma, mwanangu, sikufichi. Lakini ingekuwa leo, namba ya Majidi ningekupa mimi mwenyewe.

Baba yako,
Abasi