Barua ya Sifa Niliyojiandikia

Shangazi mpendwa,

Hii ni mara ya nne ninaandika barua hii, tatu nimezichana, na nakusihi hata kama hutaiweka gazetini unijibu kwa njia yoyote ile, kwa sababu tarehe ishirini Juni napanda ndege na kila siku inayokatika woga unazidi, chakula hakipiti, mama amenipikia mikate ya litti hadi amechoka kuniuliza nina nini.

Mimi ni daktari, nina miaka ishirini na saba, nimesoma hapahapa Patna na baada ya masomo nimefanya kazi miaka miwili katika wodi ya wagonjwa mahututi chini ya Profesa Tripurari Sharan, na tangu nikiwa chuoni nilitamani kwenda Marekani kufanya mafunzo ya ubingwa. Njia yake ni ndefu, Shangazi, shahada yetu peke yake kule haikuruhusu hata kumwandikia mtu dawa ya homa, lazima ufanye mitihani yao, upate cheti chao, ndipo uombe nafasi ya kuanza upya kama daktari wa mwaka wa kwanza, unatuma maombi hospitali mia na zaidi, zinakuita chache kwenye usaili, kisha wewe unaziorodhesha kwa jinsi unavyozipenda na zenyewe zinawaorodhesha waombaji, halafu kompyuta inalinganisha orodha zote na mwezi wa Machi inakuambia unakwenda wapi, na ikishasema imesema, wewe umefungwa na wao wamefungwa.

Sasa katika maombi hayo kitu kinachotazamwa sana ni barua za sifa kutoka kwa wakubwa wako wa kazi, na mimi nilikwenda kwa Profesa kwa adabu zote nikamwomba, naye hakuinua hata macho kwenye faili lake, akaniambia, "Binti, mimi muda huo sina. Andika mwenyewe vizuri, niletee nisaini." Hapa kwetu kila mtu hufanya hivyo, Shangazi, walionitangulia wote wamefanya hivyo, kwa hiyo nikakaa kwenye meza ya kulia chakula nyumbani nikaanza kujisifu kwa jina la mtu mwingine, na kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha kuweka alama kwamba barua hiyo sijaiona na sitadai kuiona, nikaweka alama huku barua yenyewe iko mbele yangu.

Ili niandike vizuri nilichukua shajara yangu, maana kila nikitoka kazini huandika kwa lugha yetu ya nyumbani kilichofanyika wodini, na nikihesabu nakuta mara sitini na moja nimeandika "ham" kisha habari ya mrija wa shingoni, ule unaopitishwa kwa sindano ndefu kwenye mshipa mkubwa ili dawa kali iingie. Na wewe unajua, Shangazi, "ham" ni sisi lakini watu wa jimbo letu la Bihar hata mtu mmoja hujiita hivyo, nilipokuwa Delhi nikijiandaa kwa mitihani wasichana wa bweni walinicheka sana, nikisema "ham" nasikia njaa wananiuliza, "Mko wangapi humo ndani?" Lakini barua ilikuwa ya Kiingereza na Kiingereza kinakulazimisha uchague, ni mtu mmoja au ni wengi, nami nikachagua mmoja, nikaandika kwamba daktari huyu ameweka mirija ya shingoni mara sitini na moja kwa mkono wake mwenyewe bila kusaidiwa, Profesa akasaini bila kusoma.

Ukweli ni kwamba mara hamsini na tisa nilifungua pakiti, nikashika kichwa cha mgonjwa, nikapitisha pamba. Kwa mkono wangu niliweka mara mbili tu, ya kwanza daktari mkubwa akiwa amenishika kifundo cha mkono, na ya pili ilikuwa kwa bibi mmoja wa mji wa Ara anayeitwa Phulmatia Devi, daktari mkubwa aliitwa kitanda kingine, akaniuliza kama naweza kuendelea peke yangu, nikasema naweza. Sindano ilikwenda ndani kupita kiasi ikatoboa pafu. Nakumbuka alivyonitazama, akifungua mdomo na hewa haiingii, mimi nimesimama na sindano mkononi kama kisiki, hadi Sista Kerketta aliponisukuma kando kwa bega akapiga kelele aitwe mkubwa. Walimwekea mpira wa kifuani, akapona baada ya siku kumi na moja, na Profesa akawaambia wana wa bibi huyo kwamba mapafu ya mama yao yalikuwa dhaifu kwa moshi wa jikoni. Hadi leo akija kliniki ananiletea unga wa sattu amefunga kwenye kitambaa, ananishika kichwa kunibariki, anawaambia wagonjwa wenzake kwamba huyu ndiye daktari wangu. Tangu siku ile sijashika sindano hiyo tena, nikiagizwa nasingizia tumbo.

Kwenye usaili, kwa video, daktari mmoja mzee aliniuliza, "Sitini na moja kweli?" Nikatabasamu nikasema ndiyo. Wakanichukua. Baba amekwishagawa vitamu vya ufuta, tilkut, mtaa mzima na ametundika bango lenye picha yangu mdomoni mwa kichochoro chetu. Na wiki iliyopita ikaja barua pepe kutoka hospitali hiyo, kwamba tarehe mosi Julai nitaanzia wodi ya mahututi, na kwamba wanafurahi kwa sababu nina uzoefu mkubwa wa mirija ya shingoni, nitawasaidia hata wenzangu wapya.

Shangazi, naogopa. Mchana kweupe nakata bamia jikoni, namwona mtu nisiyemjua wa nchi nisiyoijua akinitazama kwa macho ya yule bibi. Nikisema ukweli watanifukuza, wataniondolea viza, na baba atalishusha lile bango mbele ya majirani. Nikijisingizia ugonjwa nisiende, nitakuwa nimevunja mkataba na huenda mlango huo nisiuone tena. Profesa nilimgusia kidogo akaniambia, "Bado una wiki tano, njoo wodini ujifunzie kwa hawa wa hapa, ukikosea utakosea huku." Dada zangu wa kazini wanasema ninyamaze, wote walitia chumvi. Nifanye nini?

Ni mimi,
Daktari Mwoga, Rajendra Nagar

*

Binti yangu Mwoga,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya kwanza nilipofika kwa yule bibi wa Ara niliiweka chini nikaenda kunywa maji. Kwa hiyo usidhani nakukaripia kwa kuwa sikuhurumii. Nakuhurumia sana. Lakini nakukaripia.

Tuanze na hilo neno lako. Mimi nimezaliwa Patna kabla mama yako hajazaliwa, nimejiita "ham" maisha yangu yote, usinifundishe. Mtu wa Bihar akitaka kusema sisi wengi, anasema "ham log", hata mtoto anayegombania tufe la kriketi kichochoroni anajua kutofautisha. Neno halikukuponza. Wewe ndiye uliyejificha ndani yake, kwanza kwenye shajara, ambako hakuna aliyekuwa akikutazama, kisha ukatoka huko na namba sitini na moja. Ungekuwa unaomba kazi ya kuuza sari ningecheka. Hii ni sindano kwenye shingo ya mtu.

Nimemtafuta daktari mmoja anayefanya kazi mtaa wa Kankarbagh hapa mjini, aliyefanya mafunzo hayo kule kwa miaka mitatu kabla ya kurudi. Sikumtajia jina lako wala mtaa wako. Aliniambia jambo ambalo nataka ulisome polepole. Daktari wa mwaka wa kwanza, alisema, haachwi peke yake na sindano ile. Anasimamiwa, mkubwa wake anatia saini kila anapofanikiwa, mpaka saini zitoshe ndipo anaruhusiwa. Akisema sijui, hakuna anayemshangaa, mwaka wa kwanza umewekwa kwa ajili ya watu wasiojua. Nikamuuliza, je, aliyekuja na karatasi inayosema anajua? Akasema, "Huyo ndiye wanayeweza kusahau kumwangalia."

Umeelewa, binti? Uliogopa kwamba watakuacha peke yako na mgonjwa. Wao walikwisha kujenga uzio kwa ajili ya woga huohuo, na barua yako ndiyo iliyoung'oa. Huogopi Marekani. Unaogopa kitu ulichokifanya Patna, na una haki ya kukiogopa, nami sitaki woga huo ukuishe kabla hujautumia. Kama ungeniandikia kwamba unalala usingizi mzuri, ningemwandikia mimi mwenyewe mkuu wa hospitali hiyo.

Kuhusu ushauri wa Profesa wako, nimekasirika mpaka miwani imeingia ukungu. Wagonjwa wa Patna si ubao wa kukatia bamia. Bibi aliyetoka Ara na chakula chake kwenye kitambaa ana shingo ileile aliyo nayo Mmarekani. Ukitaka kujifunza wiki hizi, jifunze kwa haki, mkubwa akiwa amesimama ubavuni pako na mgonjwa akiwa ameambiwa, na ukishasema mbele ya wodi nzima kwamba hujui. Vinginevyo kaa mbali na sindano hiyo. Na hao dada zako wa kazini waliotia chumvi, waache na chumvi yao, wao hawataulizwa Julai.

Sasa sikiliza. Leo, si kesho, mwandikie mkuu wa mafunzo wa hospitali hiyo. Usimwombe Profesa ruhusa, usimwonyeshe baba yako rasimu. Mwambie kwamba idadi iliyo kwenye barua ya sifa si kweli, kwamba umeweka mirija miwili, mmoja ukisimamiwa na mmoja ukamwumiza mgonjwa, kwamba barua uliitunga wewe, na kwamba kwenye usaili ulirudia uongo huo. Mwambie unaomba uanze kama asiyejua kitu. Usianze kumweleza desturi za kwetu na jinsi kila mtu afanyavyo, hajakuuliza. Andika kwa Kiingereza kilekile kilichokulazimisha uchague, na safari hii uchague vizuri.

Kisha nenda kwa Profesa umwambie umeandika. Atafoka. Mwache afoke, yeye aliitia saini barua asiyoisoma na anajua hivyo. Mwombe aandike mistari mitatu ya kusahihisha, kwa maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Akikataa, umefanya lako.

Huenda wakakufukuza kabla hujapanda ndege. Sitakudanganya ili nikufurahishe. Daktari wa Kankarbagh hakuweza kuniahidi lolote, alisema wengine watakuita waongee nawe na wengine watafunga faili. Wakifunga, baba yako atashusha bango, na atakuwa na uchungu, na majirani watasema kwa mwezi mmoja, kisha watapata harusi ya kuisema. Bango ni kitambaa. Baba yako akikuuliza kwa nini, mwambie ukweli wote, na usimwachie mama yako kazi ya kueleza. Utabaki kuwa daktari hapa, na hapa pia kuna shingo za watu.

Na bado kuna safari moja. Kabla ya Juni ishirini, uende Marekani au usiende, panda treni ya asubuhi uende Ara. Usimngoje aje kliniki na sattu yake. Kaa chini mbele ya Phulmatia Devi, wanawe wakiwepo, umwambie kwamba mapafu yake hayakuwa dhaifu na jiko lake halina kosa. Huenda akakufukuza. Huenda akakushika kichwa kama kawaida yake, na hilo litakuwa gumu zaidi kulivumilia.

Akikuuliza ni nani aliyefanya, mjibu kwa lugha yetu, neno moja. Sema, "Ham." Usiogope kwamba hatakuelewa. Bibi wa Ara hatakuuliza mko wangapi humo ndani.

Shangazi yako wa ukurasa huu