Binti Yako Anayebima Nyama

Hooyo, mama yangu,

Leo nimeruka maabarani mpaka buibui langu likanasa kwenye kiti! Ungeniona ungesema, "Hodan, tulia, wewe si mtoto." Sitatulia. Kimekubali, Hooyo. Kile kichuma changu kimekubali!

Unakikumbuka? Kile chembamba kama kalamu nilichokuja nacho likizo ile, nikawa nakigusisha kwenye nyama ya ngamia pale kibandani kwako Habaswein. Kinatuma mawimbi hafifu, ndugu wa yale yanayopasha chakula kwenye maikrowevu, kisha kinasoma yanavyorudi. Nyama yenye maji inajibu hivi, mafuta ya nundu yanajibu vingine. Nawe ukawatangazia wateja kwa Kiswahili chako cha Kisomali, ambacho "p" hugeuka "b", "Binti yangu nabima nyama!" Mwalimu Mutua, yule wa kutoka Ukambani, akaja mbio kuuliza kama nakatia bima na mbuzi. "Hata mbuzi nabima," ukamjibu, wala hukujua kwa nini nimeanguka kwa kicheko.

Kumbe siku zile ulikuwa tayari unaficha uvimbe kwenye titi. "Hakuna mwanamume atanishika," ulisema hospitali ilipotajwa. Tulipokufikisha Garissa, ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Inaniuma, Hooyo. Bado inaniuma sana.

Sasa sikia. Uvimbe una maji mengi kuliko mafuta ya titi, kama nyama ilivyo kwa nundu. Daktari wa upasuaji ametuletea vipande viwili kutoka kwa mgonjwa aliyeridhia: kimoja uvimbe, kingine mafuta ya titi yasiyo na ugonjwa. Akakataa kuniambia kipi ni kipi. Nikagusisha cha kwanza, mistari ya kompyutani ikaruka ovyo. Nilikuwa nimeacha kiputo cha hewa chini ya ncha. Nikapangusa, nikarudia. Kisha cha pili. Mistari miwili kwenye kompyuta ikaachana kabisa! Nikaonyesha, "Uvimbe ni huu." Daktari akapiga makofi. Ndio wenyewe!

Ni mwanamke mmoja tu, najua, na kazi iliyobaki ni kubwa. Lakini nakuahidi: nitapima mpaka kipatikane kifaa cha kugusisha juu ya ngozi tu, kishikwe na mwanamke mwenzao, kiwafikie kina mama wa Habaswein na Tarbaj mapema, kabla hawajaanza kuficha.

Kwaheri, Hooyo macaan, mama yangu mtamu. Mola akulaze pema. Mwalimu Mutua akiniuliza tena kama nauza bima, safari hii nitamwambia ndiyo.

Binti yako,
Hodan