Damu ya Bi Zamoyoni

Rumana, acha kupika usome hii! Vishal wetu wa maabara leo kaumbuka wodini, nimecheka mpaka machozi.

Kamwamkia Bi Zamoyoni wa Kinole, kamwomba ruhusa damu yake iliyobaki baada ya vipimo itumike kwenye utafiti wa sepsis, maambukizi yale yale ya damu yaliyokaribia kumuua.

Bibi akamkazia macho. "Kumbe imebaki? Nirudishieni!"

NIRUDISHIENI, Rumana! Vishal jasho likamtoka.

Akaeleza upya, polepole, kwamba itasaidia kuokoa wengine. Bibi akalainika. "Haya, chukua. Ila asiwekewe mke mwenzangu."

Kumbe mke mwenziwe yuko kitanda cha pili! Akafunua shuka: "Na yangu chukua, mjukuu wangu. Ila msiichanganye na yake!"