Ndege Mwenye Kofia ya Mgodini

Kapata, 9 Machi 1974

Kwa binti yangu Bilonda,

Kwa heshima ninakujulia hali. Sisi hapa tu wazima, isipokuwa goti la mama yako. Ninatumaini shangazi yako Mbombo anakutunza vema huko Nzilo.

Ninapenda kukuarifu kwamba ukuta wa nyumba yetu uliouchora nimeupaka chokaa kwa mkono wangu, kama alivyoagiza Sitwayen Kalenga, mkuu wa kambi. Nyumba zote za kampuni ni nyeupe. Wenzangu wa zamu wangali wananiita "Tata Ndeke". Baba wa watu kuchorwa kama ndege mwenye kofia ya mgodini, tena kando ya njia! Jifunze kudarizi katika fwaye, shule ya kazi za mikono, kama wasichana wengine. Wala usichore pembeni mwa barua. Karatasi ya barua ni kitu cha heshima.

Tata yako,
Muamba

Nzilo, 2 Aprili 1974

Tata wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa Mama. Mkandie goti kwa maji ya moto. Mimi mzima.

Katika fwaye tunapewa mfano mmoja wa karatasi, sote tudarizi waridi lile lile. Mimi nilimdarizi ndege wako. Tantine Mbombo alicheka hadi akashika ukuta: "Eh, hii ndeke ya kuvaa kaske, inaingia ku kazi saa ngapi?" Lakini monitrisi, mwalimu wetu, alifumua nyuzi zote mbele ya wenzangu.

Tata, sikukuchora kwa dharau. Rangi nilizisaga kutoka mawe ya kijani uliyokuwa ukiniletea toka mgodi wa Mashamba nilipokuwa mdogo. Nilichora vile ninavyokuona ukirudi jioni: kofia kwanza, kisha mikono yako inapiga kama mabawa. Watu wote wa Kapata unawaandikia maombi yao. Niandikie na mimi moja kwa Sitwayen Kalenga. Ukuta mmoja tu.

Mutoto wako,
Bilonda

Uwasamehe hao ndege wawili pembeni. Wamekuja wenyewe.

Kapata, 20 Aprili 1974

Kwa binti yangu Bilonda,

Salamu. Goti la mama yako lina nafuu.

Ombi huandikwa kwa jambo lenye msingi: nyumba, ruhusa, matanga. Ndege hana msingi, nami siwezi kuweka sahihi yangu chini ya mchezo. Barua yako nimeikata pembeni kabla ya kuihifadhi.

Tata yako,
Muamba

Kapata, 11 Februari 1975

Kwa binti yangu mpendwa Bilonda,

Ninakujulia hali kwa wasiwasi. Umenyamaza tangu mwaka jana, na shangazi yako anasema tu kwamba u mzima.

Ninapenda kukuarifu kwamba mvua zimeosha chokaa. Ndege amerudi, kofia na bawa moja. Jirani yetu Mama Tshibola alisimama, akamtazama, akanitazama: "Muamba, hata mwendo ni wako!" Nilitaka kukasirika. Badala yake nikakaa mbele ya ukuta mpaka ugali ukapoa.

Basi nimemwandikia Sitwayen Kalenga ombi, nalo limekubaliwa: utapewa ukuta mzima wa jumba la sherehe, uchore upendavyo. Mawe ya kijani nimekwisha kukuokotea. Njoo.

Tata yako,
Muamba

Nzilo, 3 Machi 1975

Kwa Baba mheshimiwa,

Kwa heshima ninakujulia hali. Sisi hapa tu wazima.

Ninapenda kukuarifu kwamba barua yako imepokelewa. Ninasikitika kwamba sitaweza kuitumia ruhusa hiyo. Mawaridi yangu sasa hayatofautiani na ya wenzangu, na monitrisi amenichagua niwasimamie wanafunzi wapya. Anayekosea mfano, ninamfumulia nyuzi. Nilipopata habari yako nilishika mkaa, nikajaribu mlangoni kwa Tantine. Mkono ulichora waridi. Nikajaribu tena. Waridi.

Tafadhali ukuta apewe mwingine. Ukurasa huu nimeuacha safi pembeni, kama ulivyoagiza.

Binti yako mtiifu,
Bilonda

Kapata, 10 Machi 1975

Bilonda,

Barua yako imefika. Haina kosa hata moja. Nimeigeuza mbele na nyuma, nikaipeleka juani.

Vile vipande vya ndege nilivyovikata nimevitafuta. Mama yako alikwisha kuwashia navyo makaa.

Sitwayen Kalenga ameleta mapipa ya chokaa. Kambi nzima inapakwa upya. Nimeomba, kwa maandishi, nyumba yetu iwe ya mwisho.

Mimi,
Tata Ndeke