Koko, Mimi Sihamii Kwenye Mwanga Wao

Mpendwa Koko,

Takwenya, shikamoo. Nimeinamisha kichwa hapa nilipo, jikoni kwangu Kitengela, uniwekee mkono kama zamani. Hukuhitaji kuambiwa jina la mjukuu. Tukiinama mbele yako kukusalimia, ulikuwa unapapasa kichwa, unashuka hadi sikioni, halafu unasema, "Huyu ni Naserian, kichwa kama boga," na wenzangu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Nakuandikia kwa sababu nimekasirika, na sioni mwingine wa kuelewa hasira hii. Jumamosi Baba, mwanao, anakuja na pikapu kunichukua. Anataka nifunge saluni yangu nirudi nyumbani Kajiado, kwa sababu macho yangu yanazimika. La kulia limeshaenda. La kushoto linaona katikati tu, kando kote kumefungwa. Daktari anaita presha ya macho. Alinipa dawa ya matone, akasema itachelewesha mambo lakini haitarudisha kilichopotea. Baba aliposikia hivyo alilia kwa simu. Alipomaliza kulia akaanza kunitengenezea chumba.

Chumba chenyewe nakijua, Koko. Ni kile alimokuweka wewe.

Unakumbuka mara ya kwanza nilipoletwa kwako Bisil? Mtoto wa stima mimi, nimezoea kubonyeza ukutani na nyumba inawaka. Nje ilikuwa saa sita, jua linachoma hadi mbuzi wamejibanza. Nikainama mlangoni kwako, nikakata ile kona ya kuingilia, na ghafla sikuona hata mkono wangu. Nilipiga kelele nikasema kuna kitu huko ndani. Ukajibu kutoka huko huko, "Kuna mimi. Kwani nitakukula?" Halafu ukaniambia niweke mkono kwa ukuta. "Huu ukuta nimeupaka mimi mwenyewe. Ufuate tu, utanipata." Nikaufuata nikilia makamasi, nikakupata umeshanimiminia chai.

Wakati huo ulikuwa huoni kwa miaka mingi. Vumbi na nzi walikula macho yako kabla mimi sijazaliwa. Lakini nyumba uliijenga ukiwa bado unaona, kila ufito uliukata wewe, na hakuna mahali mkono wako haukupajua. Mvua ikipenya paa ulipanda na samadi ukaziba, na majirani wakisimama chini wakikuambia utaanguka, unawauliza kama wamekuja kusaidia ama kuhesabu mifupa. Ulikamua mbuzi. Ulifukiza vibuyu vya maziwa, na ole wake mtu akusogezee kibuyu mahali ulipokiweka! Kwako giza lilikuwa nyumbani tu, na nzi hawakupenda kuingia humo. Uliniambia hivyo ukicheka, kwamba adui zako ulikuwa umewafungia nje.

Halafu Baba akajenga kwake Kajiado. Nyumba ya mabati, kuta nyeupe, balbu kubwa katikati ya dari. Alikupenda, hilo siwezi kukataa. Lakini alisema mbele yetu sote, "Mama yangu hawezi kukaa gizani na mimi niko na stima." Watu wazima wakatikisa vichwa kukubali. Haki ya nani, hakuna hata mmoja aliyeuliza ile stima ingekusaidia kwa macho gani.

Nilikuja likizo nikakukuta huko. Nilishtuka, Koko. Kuta zilikuwa laini na baridi na zote zinafanana, na nilikuona ukizipapasa ukiuliza, "Huu unaenda wapi?" Uligonga meza, ukagonga mlango wa chuma, ukaumia mguu. Basi wakakutafutia kiti. "Keti tu hapo, Mama, usiumie." Wakikuletea chakula, wakikuletea maji, wakikuletea redio. Wewe uliyekuwa unapanda paa mvua ikinyesha ulikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya balbu mpaka mikono ikasahau kazi. Mimi nilikuwa naingia, nakuinamia, na siku nyingine ulichelewa kusema mimi ni nani.

Ile nyumba yako wakaibomoa, wakaleta fito kwa gari ziwe kuni. Mama yangu aliwasha moto achemshe chai, hakufikiria. Ukainua pua. Ukasema polepole, "Hiyo ni nyumba yangu." Mama alimwagia moto maji, lakini fito zilikuwa zimeshashika. Hakuna aliyekunywa chai jioni hiyo.

Na siku ya kukuzika, kuna mzee mmoja wa kanisa alisimama akamshukuru Baba kwa kumtoa mama yake gizani. Watu wakasema Amina! Nilienda nyuma ya tenti nikalia kwa hasira, shangazi wakidhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, lakini hasira ilikuwa mbele.

Nimeifikiria sana hii hofu. Watu hawaogopi giza lao peke yake. Hata la mwenzao linawanyima usingizi, na ndiyo maana wanakimbilia kuliwashia taa. Afadhali wakuone umekaa bure mahali penye mwanga kuliko wajue uko mahali wasipoweza kukuona, hata kama huko unafanya kazi yako na unacheka. Halafu wanaita hiyo huruma. Wachana nao!

Sijifanyi shujaa. Naogopa, Koko, naogopa sana. Asubuhi nikiamka nafungua hili jicho kabla ya kuomba, maana nataka kwanza nijue nitaombea nini. Lakini nimeanza kujizoeza. Juzi nilimsuka Mama Shiku, yule anayeuza mboga karibu na saluni yangu, nikafumba jicho kabisa na kuacha vidole vitafute mstari. Akaniona kwa kioo.

"Naserian, umelala ama?"

"Nasuka."

"Na umefunga macho! Woiye, kichwa changu!"

"Mistari imenyooka ama haijanyooka?"

Akageuza kichwa huku, akageuza kule. "Imenyooka," akasema. "Lakini siku nyingine geuza kwanza hicho kioo."

Naiacha barua hapa. Nitaimalizia Baba akishakuja na kuondoka.

Koko, leo ni Jumapili. Walikuja jana. Baba na ndugu yangu Lemayian. Lemayian hata hakuketi, alishika mashine ya kukausha nywele akaanza kuibeba kwenda nje.

"Rudisha hiyo," nikamwambia.

"Naserian, usianze."

"Sijaanza. Niko kazini."

Akamwangalia Baba. Baba akamwonyesha kwa mkono aiweke chini, halafu akaketi kwenye kiti cha wateja, kofia mapajani. Amezeeka, Koko. Ungemshika uso ungejua mara moja. Akaniuliza, "Mwanangu, ukiamka utajua aje kumekucha?"

"Mama Shiku akianza kupigana na wanaomletea sukuma wiki, nitajua."

Lemayian alicheka. Baba hakucheka.

"Na usiku?"

"Usiku nitalala, Baba. Kama watu wengine."

Aliigeuza kofia mara nyingi. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba tangu akuzike hawezi kuzima taa anapolala. Anasema akizima anakuona uko huko ardhini na hakuna mtu amekuwashia. Mzee mzima, baba wa watoto na wajukuu, mwenye ng'ombe. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpigia kelele, na sikujua nianze na lipi.

"Chumba ni kizuri," akasema. "Mama alikaa pale vizuri. Hakuwahi kulalamika hata siku moja."

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Baba, hakulalamika kwa sababu alijua unaogopa, akakuhurumia. Mimi pia nakuhurumia. Lakini mimi nitalalamika. Nitalalamika kila siku, asubuhi na jioni, mpaka majirani wa Kajiado wahame."

Baba akavaa kofia, akamwambia Lemayian awashe gari. Wakaenda na gari tupu.

Lala salama, Koko, mahali ulipo, na kama kuna giza huko, najua limeshakuzoea. Kesho nafungua saluni mapema.

Mimi mjukuu wako, mwenye mdomo kama wako wa zamani,

Naserian